Kabeji za kufunga nyama: majani yanachanika, mchele haulainiki. Tatizo liko wapi?

TangaJikoni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua vizuri zile kabeji za kufunga nyama: nyama ya kusaga na mchele vinaviringishwa ndani ya jani la kabeji, halafu vinachemshwa kwenye rojo la nyanya. Nazungumzia za Poland na Ukraine, ingawa najua Waarabu nao wana zao.

Nilivyo navyo: kabeji moja ya kilo mbili, ile ya duara, ngumu, iliyofunga kwelikweli. Nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, steki tupu. Mchele wa Kyela. Jiko la gesi na la mkaa, oveni hakuna.

Yanayosumbua ni haya. Jani likibanduliwa linachanika, na lisipochanika uti wake unavunjika wakati wa kukunja. Mchele ukiwekwa mbichi unabaki na kiini kigumu hata baada ya saa nzima motoni. Nyama inakazana, haitafuniki. Na vifurushi vingine vinafunguka, rojo linageuka supu ya nyama ya kusaga.

Naomba vipimo tafadhali. Mapishi mengi yanaishia "chumvi kiasi" na "maji ya kutosha".

MwikoMrefu

Mkuu, karibu yote hayo yanatokana na aina ya kabeji, aina ya nyama, na nyanya kuingia mapema mno. Tuanze na kabeji.

Hiyo ya duara ngumu, mara nyingi ni Gloria, wakulima wanaipenda kwa sababu inavumilia safari ya lori na kukaa sokoni. Majani yake yamebanana na uti wake ni mnene. Kwa kazi hii, ukipata nafasi ya kuchagua, tafuta iliyo bapa juu na ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kidogo. Kati ya mbili zenye ukubwa sawa chukua nyepesi. Nyepesi ina nafasi kati ya jani na jani, maji ya moto yatapita. Nzito maji hayaingii: jani la nje linalegea kupita kiasi wakati la tatu bado bichi kabisa, ukilivuta linachanika.

Kama ndiyo hiyo hiyo, inawezekana. Chukua kisu chembamba chenye ncha, zungushia kigutu kwa kukielekeza ndani, sentimita sita au saba, utoe kipande chote chenye umbo la pia. Hapa usione uvivu. Majani yote yameshikiliwa na kigutu, na kikibaki ndani utakuwa unavuta jani ambalo bado limefungwa.

Sufuria iwe kubwa kiasi cha kabeji kuzama. Maji yachemke sawasawa, chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita tatu. Iweke tundu likiwa chini, dakika tano, kisha igeuze tundu lije juu. Majani ya nje yataanza kuachia. Tumia koleo na uma, sukuma jani kuanzia kwenye tundu kwenda nje. Watu wengi huvuta kutoka ukingoni, na ukingo ndio sehemu laini kuliko zote, lazima uchanike. Lisipoachia usilazimishe, mpe dakika moja maji yafike. Lililotoka libaki majini dakika moja au mbili zaidi, mpaka uti ukiupinda haupasuki. Ukifika kwenye majani madogo kuliko kiganja simama, hayo ni ya kutandika. Kabeji ya kilo mbili inatoa majani 14 hadi 16 ya kufungia.

Usifunike sufuria wakati huo. Harufu nzito ya kabeji inatokana na gesi zenye salfa. Ukifunika, zinabaki na chakula.

Sasa uti. Laza jani mgongo ukiwa juu, kisu kilale, unyoe uti mpaka uwe sawa na unene wa jani. Usiukate ukautoa, jani litabaki na mpasuko. Jani kubwa kupita sahani ndilo la kugawa mawili na uti ukatupwa.

Nyama: steki tupu ndiyo inayokazana. Mwambie muuza nyama akusagie kidari, au changanya steki gramu 400 na nundu gramu 100. Lengo ni mafuta kama asilimia 20. Isagwe mara moja tu, kwa tundu kubwa. Kisha kuna suala la chumvi: ikikutana na nyama iliyosagwa na ukakanda muda mrefu, protini zinatoa utando unaogundisha kila kitu. Kwa soseji ni sawa, hapa hapana. Changanya mchele, kitunguu na viungo kwanza, tia nyama, chumvi mwisho, geuzageuza kwa vidole nusu dakika, basi.

Vipimo vya majani 16: nyama gramu 500. Mchele mkavu gramu 100 (nusu kikombe), uchemshwe dakika sita kwenye maji mengi, uchujwe, upoe. Kitunguu kikubwa kimoja kikatwe vidogo sana, kikaangwe kwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta mpaka kilainike bila kubadilika rangi. Kibichi kinatoa maji ndani ya kifurushi na hakilainiki vizuri. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, supu au maji vijiko vitatu vya chakula. Yai si lazima. Jumla inakuja karibu gramu 800, kwa hiyo kila jani gramu 50. Kabla ya kufunga, kaanga kidonge kimoja uonje. Kiwe na chumvi kidogo zaidi ya unavyopenda, kwa sababu jani na mchele vitaimeza.

Kufunga: upande wa jani unaobonyea uwe juu, shina likuelekee. Laza nyama karibu na shina, urefu wa kidole. Kunja shina lije juu yake, ingiza pembeni zote mbili, viringisha kwenda kwenye ncha. Uzi na vijiti vya meno havihitajiki. Kifurushi kinafunguka kwa sababu sufuria ina nafasi na maji yanachemka kwa fujo. Tandika chini yale majani madogo na vinyoleo vya uti, panga vifurushi mkunjo ukiwa chini, vibanane hasa, safu ya pili ikatize ya kwanza. Juu geuza sahani inayoingia ndani ya sufuria, ivikandamize.

Mimina supu ya moto ifike robo tatu ya kimo cha vifurushi. Ikichemka, punguza mpaka uone viputo vichache tu pembeni. Funika, dakika 30. Pembeni kaanga kitunguu kimoja, nyanya nusu kilo zilizokwaruzwa, nyanya ya kopo vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko cha chai na sukari kijiko cha chai, mpaka mafuta yaelee. Lizimue kwa mchuzi uliochota humo humo sufuriani ndipo ulimimine, upike dakika 40 nyingine. Mwiko usiingie, shika sufuria uitikise. Zima, iache imefunikwa dakika 20.

Kwa nini nyanya ziingie katikati: asidi inaufanya ukuta wa chembe za kabeji ubaki mgumu, na mchele nao unachelewa. Anayeanza na nyanya tangu mwanzo aongeze nusu saa, na bado asishangae.

Mama_Limuru

MwikoMrefu amemaliza mengi, naongeza mbili tu.

Kwa kabichi ngumu ya Gloria kuna njia isiyo na maji ya moto kabisa. Itoe kigutu, iweke nzima kwenye friza saa 24, kisha itoe iyeyuke ndani ya beseni usiku kucha. Barafu inapasua chembe za jani kutoka ndani, kwa hiyo majani yote, hata ya katikati, yanalegea kwa kiwango kimoja na yanabanduka bila vita. Mambo matatu ya kujua: yanatoa maji mengi, yakaushe kwa taulo la jikoni la sivyo kifurushi kinateleza, rangi inafifia, na jani linabaki na utafunaji fulani, kwa hiyo ongeza dakika 15 kwenye mapishi. Uti unyolewe vile vile. Na isiyeyuke nusu ukaanza kubandua, jani lenye barafu linavunjika vipande. Kwenye mgao wa umeme hii njia sahau.

La pili ni mchele. Pishori na Kyela zina harufu nzuri lakini ukizichemsha dakika nane au kumi kabla, ndani ya kifurushi zinapondeka. Dakika tano au sita ndiyo mwisho. Punje ukiivunja kwa kucha uone doa jeupe katikati. Na usichuje ukauacha kwenye sufuria ya moto, unaendelea kuiva. Utandaze kwenye sinia.

NanaaNaLimau

Nipo Muscat, na hapa na kote Lebanon na Syria hakuna anayechemsha kabla mchele wa malfuf, yaani kabeji za kufunga za Kiarabu. Mchele nusu mbivu umeshakunywa maji matupu. Mbichi unakunywa mafuta na maji ya nyama, utamu ndipo ulipo. Ukibaki na kiini kigumu sababu ni tatu: kifurushi ni kinene, maji hayakukifunika, au limau na nyanya zimeingia mwanzo. Kinene kama cha gramu 50 kwa kweli usijaribu. Malfuf ni nyembamba, unene wa kidole, ujazo gramu 15 hadi 20.

Jani linakatwa mistatili, uti unatolewa wote, si kunyolewa. Kwenye maji ya kuchemshia kabeji tia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, inasaidia harufu na tumbo.

Ujazo: nyama ya mbuzi au kondoo yenye mafuta gramu 300, mchele wa punje fupi kikombe kimoja, uoshwe na uchujwe. Mchele wa Misri unafaa. Basmati inafanya kazi lakini ujazo haushikani. Samli iliyoyeyushwa vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko cha chai kimoja na robo, pilipili manga nusu, mdalasini nusu. Viringisha kwa kulegeza kidogo, kwa sababu mchele mbichi utavimba zaidi ya mara mbili. Ukikaza, jani linapasuka urefu wote. Pembeni havikunjwi, vinabaki wazi.

Chini ya sufuria wengine hutandika mifupa ya mbavu au slesi za viazi. Katikati ya safu tupia punje nzima za thomu, kichwa kizima hata viwili. Maji ya moto yenye chumvi yapite juu ya sahani kwa sentimita moja. Moto mkali dakika tano, kisha mdogo dakika 40. Dakika 15 za mwisho ndipo mimina maji ya malimau mawili, thomu iliyopondwa na kijiko cha chakula cha nanaa kavu. Rangi haitavutia kama ya nyanya, ladha ni nyingine kabisa.

Usichanganye na mahshi ya kabeji ya Misri. Ile kwa kawaida haina nyama ndani, ni mchele na majani mengi ya shibiti, parsley na giligilani pamoja na nyanya.

MwikoMrefu

NanaaNaLimau, kwa kidole chembamba nakubali, mchele mbichi ni bora. Kwa kifurushi kinene nabaki na dakika sita zangu. Maji yanaingia taratibu kutoka pembeni, na jani lililofungwa pande zote ni kizuizi. Ukingoja katikati paive, nje pameshakuwa uji. TangaJikoni achague moja, asichukue mchele mbichi wa malfuf akautia kwenye kifurushi cha Kipolandi.

Pia swali la nyama: mapishi mengi ya Poland na Romania yanaandikwa kwa nguruwe, au nguruwe na ng'ombe nusu kwa nusu. Ukiweka ng'ombe tupu mahali pake bila kuongeza mafuta unapata ukavu ule ule. Ndiyo maana nimesema nundu.

ChachuTaratibu

Mnaongea habari za kabeji mbichi tu, na hapo mnawaacha Romania, Serbia na Bosnia nje. Kwao kifurushi cha siku za sherehe kinatumia kabeji iliyochachushwa nzima, na tatizo la jani kuchanika linakwisha lenyewe kwa sababu chumvi na uchachu vinalifanya lilegee huku likibaki imara.

Utaratibu: kabeji ndogo za kilo moja na nusu, toa kigutu, jaza chumvi ya mawe isiyo na madini joto kwenye tundu, zipange kwenye pipa la plastiki la chakula, mimina maji yenye gramu 40 za chumvi kwa kila lita mpaka zizame, weka uzito juu. Kila baada ya siku chache chota maji ya chini uyarudishe juu, chumvi isituame. Kwenye nyuzi 15 hadi 18 inachukua wiki tatu hadi tano. Kwa joto la Tanga au Mombasa inakimbia mno, inalainika kabla haijakolea, na utando mweupe unaota juu. Lushoto au Njombe wakati wa baridi inawezekana.

Kabla ya kufunga onja jani. Likiwa na chumvi kali liloweke maji baridi saa moja au mbili, na chumvi ya kwenye nyama ipunguze nusu. Nyanya zinawekwa kidogo sana kwa sababu uchachu upo tayari. Mapishi ni marefu, saa mbili na nusu hadi tatu za moto mdogo, kwa sababu ile ile ya asidi. Nyama ya kuvuta moshi inapangwa kati ya safu: nguruwe kwa Waromania, ng'ombe kwa Waislamu wa Bosnia. Viungo ni pilipili manga, majani ya bay (bay leaf), na kwa Romania shibiti na zaatari.

Na Romania sahani hiyo inakaa na ugali. Ni mahindi ya njano, laini kidogo kuliko wetu, na krimu chachu pembeni. Mtindi mzito unaziba nafasi hiyo bila shida.

TangaJikoni

Shukrani sana wakuu, nachukua njia ya kifurushi kinene na mchele wa dakika sita. Bado maswali matatu. Presha kuka inafaa? Kwenye mkaa nitapataje ile rangi ya juu ya oveni? Na zikibaki, zinatunzwaje?

Mama_Limuru

Presha kuka inafaa, dakika 15 tangu ianze kupiga filimbi, vikombe viwili vya supu. Moto ukizimwa usitoe mvuke kwa mkono, iache ishuke yenyewe, robo saa. Ukiifungulia ghafla, maji yaliyomo ndani ya kifurushi ambayo yamepita nyuzi 100 yanachemka kwa mpigo na kulipasua jani. Na rojo zito la nyanya lisiwemo wakati wa presha, linazama na kuungua chini. Lipike pembeni, lije baada ya kufungua, dakika kumi bila mfuniko wa presha.

MwikoMrefu

Mkaa unakupa rangi kirahisi. Dakika 20 za mwisho toa ile sahani, acha rojo lipungue mpaka migongo ya vifurushi ionekane, pakaa siagi au samli juu, funika kwa mfuniko wa bati na upalie: makaa mengi juu, machache sana chini. Chungulia baada ya dakika kumi. Waswidi wanaipata rangi hiyo kwa kuvikaanga kwanza kwenye siagi, mkunjo ukianza chini, kisha kuvinyunyizia sharubati nzito kidogo kabla ya oveni. Kwenye kikaango inafanyika pia ila vigeuze mara moja tu, kwa mwiko bapa.

Kuiva kwa nyama usikadirie kwa rangi, nyanya zinadanganya. Mwenye kipimajoto achome katikati ya kifurushi cha safu ya kati, nyuzi 71. Asiye nacho apasue kimoja: maji yatoke angavu na mchele usiwe na doa jeupe.

Zilizobaki zisikae nje zaidi ya saa mbili, kuna mchele humo. Zitenganishe kwenye chombo kipana zipoe haraka, ziingie friji, siku tatu. Kwenye friza zigandishe zikiwa zimepikwa na zimefunikwa na rojo, miezi miwili mpaka mitatu. Zilizofungwa mbichi zikigandishwa zinatoa maji mengi zikiyeyuka na jani linaachia. Kupasha moto: sufuria pana, safu moja, robo kikombe cha maji, moto mdogo, mfuniko, dakika 15 hadi ndani pawe moto kabisa. Zitaonekana kavu mwanzoni, usiongeze maji, rojo litayeyuka.